Warekabi Walipoacha Hema Zao

Masomo: Yeremia 35:1-19, Yeremia 6:16, Marko 7:9-13

Tunamshukuru Mungu aliyetuvusha mto Rusizi na kutufikisha hapa Bugarama tukiwa hai. Wengine wetu tulivuka mwaka 2004, wakati wa vita vya Bukavu, wengine katika miaka iliyofuata, na wengine wamefika majuzi tu na bado hawajazoea joto la bonde hili. Wote tunawakaribisha kwenye neno la mwezi huu.

Neno hili limetoka kwenye maswali yenu wenyewe. Kwa muda sasa, katika vikundi vya maombi na katika mazungumzo ya jioni, tumesikia jambo lile lile likija kwa sura nyingi. Kijana anapokea kwenye simu ujumbe wa sauti wa mtu asiyemjua, anayekaa Ulaya, akimwambia kwamba Biblia ni kitabu cha wazungu na kwamba taabu zote za Kongo zilianza siku babu zetu walipoacha mizimu yao. Mzee anasema vijana wameharibika kwa sababu hawakai tena kando ya moto kusikiliza. Mama anamficha mtoto wake siku ya chanjo, kwa kuwa bibi yake hakuchanjwa na aliishi mpaka akazeeka. Na baba anadai ng'ombe wanane kwa ajili ya binti yake, hapa ambapo hata mbuzi mmoja hatuna pa kumfunga. Hao ni watu wanne wasiofanana kwa umri wala kwa imani, lakini wote wanaonyesha kidole nyuma. Wanasema njia nzuri iko kule tulikotoka.

Hatukuandika ukurasa huu ili kuwacheka. Waswahili walisema mwacha mila ni mtumwa, na mkimbizi anaielewa methali hiyo kuliko mtu mwingine yeyote. Tazameni maisha yetu. Unapofika mpakani unaulizwa majina, tarehe ya kuzaliwa na idadi ya watu wa nyumba. Unapewa kadi yenye namba. Kuanzia siku hiyo, kwenye foleni ya posho, kwenye kituo cha afya, mbele ya watu wa HCR, wewe ni namba hiyo na ukubwa wa familia. Hatuwalaumu wanaoandika, maana bila kadi watoto wetu wasingekula. Lakini kadi haisemi wewe ni mwana wa nani. Haisemi kwamba babu yako ndiye aliyekuwa akigawa nyama ya sherehe katika kijiji chake, au kwamba nyanya yako alijulikana mlima mzima kwa kuzalisha akina mama. Mila inasema hayo. Mila inakuambia ukae wapi msibani, nani umwachie kiti, nani usimwoe, na mtoto wako apewe jina la nani. Mtu aliyepoteza nyumba, shamba, ng'ombe na makaburi ya wazazi wake atashika kile ambacho hakikuweza kuchomwa moto.

Wala si wakimbizi peke yao. Hata watu wenye kazi na nyumba za matofali, Kigali, Nairobi na huko Ulaya, wanarudia mambo ya zamani. Maisha ya leo yanakwenda mbio, yanampa mtu vitu vingi vya kununua na hayamwambii aishi kwa ajili ya nini. Kwa hiyo sauti inayosema kwamba wakubwa wako walijua inaingia moyoni kirahisi. Tunadhani kuna ukweli ndani ya sauti hiyo. Tatizo ni kwamba sauti zinazosema hivyo ni nyingi, na hazituongozi mahali pamoja.

Mfano hatuna haja ya kuutafuta mbali. Kutoka mpakani hapa, Kamanyola iko ng'ambo tu. Huko waliishi kwa miaka kadhaa wakimbizi Warundi, wafuasi wa mama aitwaye Eusébie Ngendakumana, ambaye watu wengi humwita Zebiya. Habari yao ilianzia kwenye mlima wa Businiya, Kayanza, kaskazini mwa Burundi, ambako yeye alisema Bikira Maria alikuwa akimtokea. Watu walipanda mlima huo kila mwezi kwenda kusali. Kanisa Katoliki la Burundi halikuyakubali maono hayo, serikali ikakataza mikusanyiko, na Machi 2013 polisi wakawafyatulia risasi na kuua baadhi yao. Baadaye wengi walikimbilia Kongo.

Huko Kamanyola walijulikana kwa kusali sana, na pia kwa kukataa. Walikataa kuandikishwa kwa alama za vidole. Walikataa chanjo. Walisema imani yao haiwaruhusu. Tarehe 15 Septemba 2017, katika mzozo uliotokana na kukamatwa kwa wenzao, askari wa Kongo waliwapiga risasi. Walikufa watu wasiopungua 36 na zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Kisha Machi 2018 watu wapatao 2,500 walikusanya vyombo vyao, wakavuka mpaka na kuingia hapa hapa Bugarama. Serikali ya Rwanda iliwapokea na kuwapeleka kwenye vituo vya muda. Hapo pia wakakataa kuandikishwa kwa alama za vidole, na wakakataa chanjo. Mwanzoni mwa Aprili mwaka huo huo wengi wao wakarudi Burundi, nchi ile ile waliyokuwa wameikimbia.

Ndugu zetu wengi wanapozisikia habari hizi wanatikisa kichwa na kusema wale walikuwa wajinga. Sisi hatusemi hivyo. Mtu aliyepigwa risasi na polisi wa nchi yake akiwa anasali, kisha akapigwa risasi na askari wa nchi aliyokimbilia, ana sababu ya kuogopa anapoambiwa aweke kidole chake ndani ya mashine ya serikali ya tatu. Tena watu wale walikuwa na kitu ambacho sisi tunakitamani katika makanisa yetu. Walisali pamoja, walitembea pamoja, walikaa na njaa pamoja, na hakuna aliyeweza kuwanunua kwa gunia la mahindi. Ni wangapi kati yetu wangekataa posho kwa ajili ya neno waliloliamini?

Lakini hatuwezi kuishia hapo, kwa sababu miongoni mwao kulikuwa na watoto wachanga. Mtoto hakuchagua mlima wala nabii. Na surua haiulizi imani. Inapoingia mahali watu walipobanana chini ya shitingi, inampata kwanza mtoto asiyechanjwa. Basi tufanye nini na watu wenye uaminifu kama huo, ambao uaminifu wao unaweza kuwaua watoto wao? Hapo ndipo Biblia inatufungulia habari ya wakimbizi wengine, nao pia walikuwa maarufu kwa kukataa.

Fungueni Yeremia 35. Mfalme ni Yehoyakimu mwana wa Yosia. Jeshi la Nebukadreza limeingia nchini, na watu wa mashambani wamekimbilia Yerusalemu. Kati yao kuna ukoo mmoja usio wa kawaida, ukoo wa Warekabi. Babu yao Yonadabu, yule aliyepanda gari moja na Yehu katika 2 Wafalme 10, alikuwa amewaachia amri zaidi ya miaka 200 kabla ya siku hizo. Aliwakataza divai, wao na wana wao. Aliwakataza kujenga nyumba, kupanda mbegu na kuwa na mashamba ya mizabibu. Wakae katika hema siku zote. Nao walitii, wanaume, wake zao, wana wao na binti zao, kizazi baada ya kizazi.

Mungu anamwagiza Yeremia awaite watu hao hekaluni, awaketishe katika chumba, awawekee mitungi iliyojaa divai pamoja na vikombe, na kuwakaribisha wanywe. Fikirini kidogo jaribu lenyewe. Anayewakaribisha ni nabii wa kweli. Mahali ni nyumba ya Mungu. Divai ni ya bure. Nao ni wageni, wana deni la shukrani kwa mji uliowafungulia lango. Sisi tunajua ilivyo vigumu kukataa kitu anachokupa mwenyeji wako. Unaogopa atasema huna adabu, unaogopa kesho hatakupa tena. Warekabi wakamwambia Yeremia kwamba hawanywi, kwa sababu baba yao aliwakataza.

Wahubiri wengi wanaishia hapo na kusema: tazameni jinsi ilivyo vizuri kushika mila za mababa. Tunawaomba msome mpaka mstari wa 11. Warekabi wanaendelea kueleza, bila kuficha na bila kuona haya, kwamba Nebukadreza alipopanda na majeshi ya Wakaldayo na Washami, waliambiana waingie Yerusalemu, na ndiyo sababu wanakaa mjini. Mmeona? Amri ya Yonadabu ilikuwa hema siku zote. Wao wako mjini, ndani ya kuta. Hema wameziacha. Watu ambao Mungu anawaonyesha taifa zima kuwa mfano wa kushika amri ya baba yao, wamekwisha kuacha sehemu yake moja.

Biblia haituambii walivyofikia uamuzi huo. Sisi tuliowahi kukimbia tunaweza kukisia. Bila shaka kulikuwa na usiku mmoja wa maneno mengi. Labda mzee mmoja alisema ni heri kufia hemani kuliko kuingia mjini kama Wakaanani, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema yeye anaondoka hata kama wengine wanabaki. Asubuhi waliondoka. Divai hawakuigusa, kwa sababu hakuna jeshi lililowalazimisha kuinywa. Hema waliziacha, kwa sababu kubaki ndani yake kungewaua watoto.

Na sababu ya kufanya hivyo ilikuwa ndani ya amri yenyewe. Rudini mstari wa 7. Yonadabu hakuwaambia wakae hemani kwa sababu hema ni takatifu. Aliwaeleza kwamba wakifanya hivyo wataishi siku nyingi katika nchi ambayo wao ni wageni ndani yake. Amri ilitolewa kwa ajili ya uhai wa wageni. Warekabi waliielewa vizuri kuliko mtu anayekariri maneno tu, ndiyo maana walijua siku ya kufungasha.

Kuna jambo lingine katika kitabu hicho hicho ambalo huenda likawashangaza. Katika sura ya 29, Yeremia anawaandikia watu waliohamishwa Babeli, naye anawaagiza wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha. Hayo ni karibu kinyume kabisa cha amri za Yonadabu. Nabii ni yule yule. Anawasifu hawa ambao baba yao aliwakataza kujenga, na kuwaamuru wale wajenge. Na anapoleta hukumu ya Mungu katika sura ya 35, hawaambii watu wa Yuda wahamie hemani wala hawaambii divai ni dhambi. Anawaambia kwamba Warekabi wanamsikia baba yao aliyekufa zamani, lakini wao hawamsikii Mungu aliye hai, ingawa aliwatumia manabii bila kuchoka. Kwa hiyo mtu akituuliza kama Biblia iko upande wa ya kale au wa mapya, tunamjibu kwamba hilo silo swali la Yeremia. Yeye anauliza unamsikia nani, na je, wale walio mikononi mwako wataishi?

Tunawaomba vijana waishike habari hiyo, maana historia ya Kongo inatuonyesha jinsi hamu ya mambo ya kale inavyoweza kutumiwa na wenye nguvu. Wazee wetu wanakumbuka siasa ya Mobutu iliyoitwa authenticité. Mwaka 1971 nchi iligeuzwa jina ikawa Zaire. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yakakatazwa, na mtoto aliyeitwa Joseph akaambiwa atafute jina la ukoo. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la kizungu alitishiwa kifungo. Wanaume wakaacha suti na tai, wakashona abacost. Kuanzia mwaka 1974 Krismasi haikuwa tena sikukuu ya taifa. Watu wengi walifurahi mwanzoni, na walikuwa na haki ya kufurahi, kwa kuwa Wabelgiji walikuwa wamewadharau kwa miaka mingi, na kusikia mkubwa wa nchi akisema Mwafrika asione haya kuwa Mwafrika kulikuwa kama maji kwa mwenye kiu. Lakini muda si mrefu ikaonekana kwamba babu aliyepaswa kutiiwa katika mila hiyo mpya alikuwa mmoja tu, na picha yake ilikuwa kila mahali. (Na kama mnataka kucheka kidogo: akina mama waliamriwa waache suruali na kuvaa kikwembe kama bibi zao, lakini kikwembe chenyewe cha waksi kililetwa Afrika na wafanyabiashara wa Uholanzi, walioiga vitambaa vya kisiwa cha Java.)

Aliyesimama kumpinga alikuwa Kardinali Joseph-Albert Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, na mwaka 1972 ilimbidi aondoke nchini na kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Mtu asiyejua atadhani Malula alikuwa mtu wa wazungu. Kumbe ni yeye aliyehangaika miaka mingi ili Wakatoliki wa Kongo wamwabudu Mungu kwa ngoma zao, kwa mwendo wa miili yao na kwa lugha zao. Juhudi hizo zilizaa misa ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, ambayo ndani yake mababu wenye moyo mnyofu wanatajwa pamoja na watakatifu. Sisi wengine hatuna desturi hiyo na hatuwezi kuifuata katika kila jambo. Lakini angalieni watu hao wawili. Mobutu na Malula wote walisema turudi kwetu. Mmoja alichukua majina ya watu, mwingine aliwapa watu mdomo wa kusali. Kwa hiyo ujumbe wa sauti unapofika kwenye simu yako ukikuambia urudi kwa mababu, usiridhike kwa sababu msemaji anataja mababu. Muulize anataka nini kwako. Wengi, ukisikiliza mpaka mwisho, watakupa namba ya kutuma pesa.

Sasa tuje kwenye mambo ya hapa nyumbani, maana hayo ndiyo yanayotuumiza.

Katika Yeremia 6:16 Mungu anawaambia watu wasimame njiani, watazame, waulizie mapito ya zamani, waulize iliko njia njema, kisha waende katika njia hiyo. Tunapenda neno kuulizia. Mungu hakusema kwamba kila pito la zamani ni jema. Kati ya mapito mengi kuna jema, na mtu asipouliza atashika lolote. Sisi mara nyingi hatuulizi. Tunachukua mila kama tulivyoiona katika mwaka wa mwisho kabla ya kukimbia, tukadhani ndivyo ilivyokuwa tangu Adamu.

Chukueni mahari. Kuna vijana hapa wamependana, wameshuhudiwa na kanisa, familia zao zinajuana tangu kule, lakini hawawezi kufunga ndoa kwa sababu baba wa binti anataka ng'ombe au thamani yao yote kwa pesa taslimu. Mwishowe wanaanza kukaa pamoja bila baraka, binti anazaa, na siku ya Chakula cha Bwana anakaa nyuma akiwa ameinamisha kichwa. Baba anasema hiyo ni mila. Basi tuulizie. Wazee tuliozungumza nao wanajua vizuri kwamba katika nchi hizi zetu za Maziwa Makuu familia isiyo na ng'ombe ilipeleka jembe, na jembe lilipokelewa kwa heshima, kwa kuwa lilionyesha kwamba kijana atamlisha mke wake. Ni mila hiyo hiyo ya mababu, tena ya zamani kuliko bei za siku hizi. Bei kubwa za pesa ndizo mambo mapya. Kwa hiyo baba anayedai mamilioni kwa jina la babu yake, tunamwomba amuulize babu yake vizuri.

Jambo la mjane ni zito zaidi. Tumesikia shemeji wanaomwambia mjane kwamba kadi ya posho ni mali ya ukoo, kwa hiyo wao ndio wa kuishika, na kama anataka kula akubali kurithiwa. Hapa hatuna maneno laini. Katika Marko 7 Bwana Yesu aliwakemea watu waliokuwa wakisema mali yao ni Korbani, yaani imewekwa wakfu, ili wasimpe baba na mama yao msaada. Walitumia jambo lenye sura ya utakatifu kumnyima mzazi chakula, naye akawaambia kwamba wametangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Shemeji anayeshika kadi ya mjane anafanya Korbani. Katika mila zetu, ndugu wa marehemu alipewa mjane ili amlinde yeye na watoto wake, si ili achukue unga wao.

Nchi hii inayotukaa imejaribu jambo la namna hiyo mbele ya dunia nzima. Gacaca ya zamani ilikuwa wazee wanaume kukaa majanini na kusuluhisha ugomvi wa majirani. Baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi ya mwaka 1994, magereza yalipojaa, Rwanda iliiinua upya. Ilianza kwa majaribio mwaka 2002, kesi zikaenea nchi nzima, na ilifungwa Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi karibu milioni 2. Wako wanaoisifu na wako wanaolalamika, nasi hatukai hapa kuihukumu. Tunataja jambo moja. Waliorudisha gacaca hawakuirudisha kama ilivyokuwa. Waliwaketisha wanawake pia kuwa waamuzi, jambo ambalo baba zao hawakulifanya. Jina la mila lilibaki na majani yalibaki, lakini walioketi juu yake hawakuwa wale wale.

Tumalizie na chanjo na alama za vidole, kwa kuwa katika makanisa yetu pia wapo wanaonong'ona kwamba mashine ya kupiga vidole ni alama ya mnyama wa Ufunuo 13. Someni sura hiyo taratibu. Kosa linalosemwa pale ni kumsujudia mnyama. Mama anayeweka kidole ili mtoto wake apate unga hajamsujudia mtu. Na mistari iliyo kwenye kidole chake aliichora Mungu akiwa bado tumboni. Mwenye hofu ya kweli kwamba jina lake litafika mikononi mwa waliomfukuza, hofu hiyo isizimwe kwa kemeo. Aje tuzungumze, twende naye mpaka kwa wahusika, aulize karatasi zake zinawekwa wapi na nani anazisoma. Kuuliza ni haki yake.

Kuhusu chanjo, tunajua bibi yako aliishi miaka 90. Lakini muulize alizaa wangapi na alizika wangapi. Bibi zetu wengi walizika nusu ya watoto wao na hawakuwa na la kufanya, na kama mtu angepanda mlimani siku ile akawaambia kuna dawa ya kuzuia surua, wangeshuka nao mbio. Hapa Bugarama kwa miaka mingi watu wametoka mbali kuja kuoga katika maji ya moto ili mifupa ipone, si mbali na moshi wa kiwanda cha simenti. Hatuwakatazi, hata baadhi yetu tumeingia humo na mgongo ukapata nafuu. Lakini hatujaona mtoto mwenye homa kali akipelekwa kwenye maji hayo na mama mwenye akili. Anapelekwa kituo cha afya, na njiani anaombewa.

Wale Warundi wa Kamanyola hawatoki mioyoni mwetu. Tunawaombea popote walipo, na tunaomba kwamba kati yao awepo mzee kama wale Warekabi, ambaye usiku mmoja atawaambia wenzake ni kipi cha kubeba na ni kipi cha kuacha ili watoto wafike asubuhi.

Kwa ajili ya kazi hiyo hiyo hapa kwetu, baraza la wazee limepanga hivi. Jumapili ijayo, baada ya ibada ya pili, wazee watakaa na vijana chini ya mwembe. Vijana walete maswali yao bila woga, hata yale ya kwenye simu, na mwenye ujumbe wa sauti auchezeshe wote tuusikie. Kila mzee alete mila moja ya ukoo wake na aeleze iliwasaidia nini watu. Wababa watatu wenye mabinti waliochumbiwa wameombwa wakae na familia za vijana siku hiyo hiyo, na mashemasi wa kanisa wametafuta majembe matatu mapya, yamewekwa ofisini kwa mchungaji. Mjane yeyote ambaye kadi yake imeshikwa na mtu mwingine amwone kiongozi wa wamama kabla ya siku ya posho, si baada yake. Na akina mama wenye watoto wa chini ya miaka mitano waje na kadi za chanjo. Mama mmoja wa kwetu aliyekuwa mwuguzi kule Uvira atazitazama moja moja na kusema ni nani amekosa ipi.